Nijinsky, Mruko Wake na Dawa Iliyochelewa

 Katika toleo hili wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameandika wasifu wa mashujaa mnaowajua. Kuna aliyemshika Mekatilili wa Menza, kuna aliyemchagua Shaaban Robert, na wako wawili waliomng'ang'ania Dedan Kimathi mpaka mhariri akalazimika kuwaamua. Mimi nimemleta mgeni. Ni mchezaji dansi kutoka nchi za baridi, aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, na jina lake ni Vaslav Nijinsky. Usifunge jarida tafadhali! Ninazo sababu zangu, na moja iko nyumbani kwetu. Nitaifikia.

Nijinsky alizaliwa karibu na mwaka 1890 katika mji wa Kiev, ambao siku hizo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi na leo ndio mji mkuu wa Ukraine. Wazazi wake, Tomasz na Eleonora, walikuwa Wapolandi, tena wachezaji dansi wa kuzunguka mji hadi mji wakitafuta riziki. Walijaliwa watoto watatu: Stanislav kifungua mimba, kisha Vaslav, kisha Bronislava kitinda mimba, ambaye naye baadaye alikuwa mtunzi mashuhuri wa dansi. Yule Stanislav alianguka kutoka dirishani akiwa mtoto mdogo na akili yake haikukua sawasawa tena. Alipokuwa mkubwa alipelekwa katika hospitali ya magonjwa ya akili, na humo akakaa mpaka kifo chake. Mshike huyo Stanislav akilini, msomaji, maana ndugu yake hakumsahau kamwe.

Baba aliiacha familia akaenda kuishi na mwanamke mwingine. Mama akabaki na watoto katika mji wa St. Petersburg, akihangaika huku na kule kutafuta kodi ya nyumba. Mwaka 1898 Vaslav alipata nafasi katika shule ya dansi ya serikali ya mfalme. Nafasi ile ilikuwa kama kuokota dhahabu njiani, kwa sababu mtoto alisomeshwa na kulishwa bila mama kutoa senti. Lakini wenzake walimdhihaki kwa sura yake na kwa ukimya wake. Siku moja walimfanyia hila katika mashindano ya kuruka, akaanguka vibaya, akalazwa hospitalini siku kadhaa bila fahamu. Nani kasema kuonea wanafunzi wapya kulianzia kwetu?

Alimaliza masomo mwaka 1907 na moja kwa moja akaanza kucheza pamoja na wachezaji wakubwa. Kwa asiyejua, baleti ni dansi inayosimulia hadithi nzima bila neno hata moja. Mwili ndio mdomo. Na mwili wa Nijinsky ulikuwa wa ajabu. Hakuwa mrefu, ila mapaja yake yalikuwa manene kama ya mpanda baiskeli wa mashindano, na aliporuka watu waliapa kwamba alikaa hewani kidogo kabla ya kuamua kushuka. Mwaka 1909 tajiri wa sanaa aitwaye Sergei Diaghilev aliwapeleka wachezaji wa Kirusi Paris, nchini Ufaransa, na mji mzima ukarukwa na akili juu ya kijana huyo. Mwaka 1911 alicheza kama roho ya ua la waridi, akamalizia kwa kuruka nje kupitia dirisha la jukwaani. Watazamaji hawakuona alikotua. Nyuma ya pazia kulikuwa na watu wa kumpokea. Mwaka uo huo alicheza Petrushka, mwanasesere mwenye moyo wa binadamu aliyefungiwa chumbani na bwana wake, na wengi husema hapo ndipo alipokuwa bora kuliko popote.

Huyo Diaghilev alikuwa mwajiri wake, mlezi wake na mpenzi wake, wakiishi pamoja. Yeye ndiye aliyeamua Nijinsky avae nini, ale wapi na azungumze na nani. Kwa maoni yangu, mtu aliyezoea kuamuliwa kila kitu hupata taabu sana siku anapoachwa peke yake, na ndivyo ilivyotokea.

Kabla ya kufika huko, nisisahau usiku wa tarehe 29 Mei 1913. Nijinsky alikuwa sasa anatunga dansi mwenyewe, na usiku huo mjini Paris ulioneshwa mchezo aliotunga juu ya muziki wa Igor Stravinsky, kuhusu watu wa kale wanaotoa kafara ya msichana ili majira ya kuchipua yafike. Wachezaji walikanyaga chini kwa vishindo, miguu imeelekea ndani, mabega yameinama, kinyume cha kila kitu walichofundishwa. Ukumbi ulilipuka. Huku wanazomea, kule wanashangilia, wengine wanarushiana ngumi na mavazi yao ya kifahari! Muziki haukusikika tena. Nijinsky alipanda juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akawa anawahesabia wachezaji mapigo kwa Kirusi, kwa sauti ya juu kabisa. Sisi tuliowahi kushiriki tamasha za muziki na drama tunajua maana ya kupoteza mapigo mbele ya watu. Leo mchezo ule unahesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za karne ya 20.

Miezi michache baadaye kundi lilipanda meli kwenda Amerika ya Kusini. Diaghilev aliogopa bahari, akabaki. Melini alikuwako binti wa Kihungari, Romola de Pulszky, aliyekuwa amemwandama Nijinsky kwa muda mrefu. Hawakuwa na lugha moja ya kuzungumzia vizuri, lakini tarehe 10 Septemba 1913 walifunga ndoa Buenos Aires. Diaghilev aliposikia, alimfukuza kazi kwa simu ya maandishi. Mwaka uliofuata Nijinsky alijaribu kuendesha kundi lake mwenyewe jijini London, akashindwa baada ya majuma mawili hivi, akaugua. Kisha Vita Vikuu vya Kwanza vikamkuta Budapest kwa wakwe zake, na kwa kuwa alikuwa raia wa Urusi aliwekwa kizuizini. Alitoka mwaka 1916, akacheza Marekani, na mwaka 1917 akacheza mbele ya umma kwa mara ya mwisho katika nchi ya Uruguay. Hakuwa amefika hata miaka 30.

Walihamia Uswisi, katika kijiji cha milimani kiitwacho St. Moritz, pamoja na binti yao mdogo Kyra. Huko ndiko mambo yalikoharibika polepole. Nijinsky alichora macho, macho tupu, karatasi kwa karatasi. Alipita kijijini na msalaba mkubwa kifuani akiwahimiza watu waende kanisani. Tarehe 19 Januari 1919 aliwachezea wageni katika hoteli moja ya hapo. Kwanza aliketi kitini akawatazama tu, kimya, kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kutazamana. Kisha akatandika vitambaa sakafuni katika umbo la msalaba, akacheza vita, na waliokuwapo wakaogopa. Siku hiyo hiyo alianza kuandika shajara. Aliandika usiku na mchana kwa majuma sita hivi, akajaza madaftari. Humo mna Mungu, mna nyama ambayo hataki kuila tena, mna kalamu yake ya wino, mna sauti ya mkewe akilia katika chumba kingine na simu ikilia na yeye akikisia kwamba wanamzungumzia yeye. Na mna Stanislav. Nijinsky alijua kaka yake alikoishia na alihofu kwamba naye atafungiwa. Mimi nionavyo, hiyo ndiyo sehemu ya kutisha kuliko zote: mtu anaona mlango ukija kumfungia, naye angali ana akili ya kutosha kuuelewa.

Mnamo Machi 1919 Romola alimpeleka Zürich kwa daktari aitwaye Eugen Bleuler. Bahati iliyoje, au sijui niite bahati mbaya! Bleuler ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina lake mwaka 1908, skizofrenia, kutokana na maneno ya Kigiriki ya kupasuka na ya akili. Hakuwako duniani mtu aliyeujua zaidi. Aliutambua. Lakini kuutambua ndiko alikoweza. Dawa hakuwa nayo, wala hakuna aliyekuwa nayo.

Hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu jina hilo huwapotosha watu. Skizofrenia si mtu mmoja kuwa watu wawili, kama filamu zinavyotuonyesha. Ni ugonjwa ambao mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kabisa mambo yasiyokuwapo, kwa mfano kwamba majirani wanampangia njama. Mawazo yake hukatika kama uzi. Mwingine hunyamaza, haogi, hataki watu. Mara nyingi huanza katika ujana, ndiyo maana wengi huwa wameshaanza kazi au masomo ya juu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba unampata mtu 1 kati ya kila 300. Hebu piga hesabu ya lokesheni yenu. Kisha jiulize wangapi wameambiwa ati wamerogwa, au wavute bangi kidogo waache, au wamelaaniwa na bibi fulani.

Turudi kwa Nijinsky. Kwa miaka 30 iliyofuata alikuwa akiingia na kutoka hospitali, kubwa zaidi ikiwa ile ya Kreuzlingen, Uswisi. Kuna nyakati alitulia, kuna nyakati aliwapiga wauguzi au alijiumiza, na kuna miezi hakutoa neno hata moja. Walimwogesha maji, walimpa dawa za usingizi, walimchunga. Binti wa pili, Tamara, alizaliwa mwaka 1920 na hakupata kumjua baba mzima. Mwaka 1928 Diaghilev, ambaye hasira zilikuwa zimekwisha, alimpeleka kutazama Petrushka mjini Paris, mchezo ule ule. Wakampiga picha jukwaani pamoja na wachezaji. Katika picha hiyo anatabasamu tu, kama mgeni aliyealikwa arusi ya watu asiowajua.

Mwaka 1938 walianza kumtibu kwa insulini. Mbinu hii ilibuniwa Vienna na daktari Manfred Sakel. Mgonjwa alidungwa insulini nyingi mpaka sukari ya damu ikashuka, akatoka jasho, akatetemeka, akazimia kabisa. Kisha alipewa sukari ili azinduke. Ilirudiwa hivyo siku baada ya siku kwa majuma. Wengine hawakuzinduka. Nijinsky alidungwa mara nyingi, na mkewe aliona kwamba alichangamka na kuzungumza zaidi. Mwaka 1939 wageni walimtembelea, akaruka kidogo mbele yao, na mpiga picha akainasa picha hiyo: mwanamume mnene aliyevaa suti, mikono imetanda, miguu imeachana na ardhi. Lakini mwaka 1957 madaktari wa London walipolinganisha insulini na dawa nyingine ya kuzimisha mgonjwa vivyo hivyo, hawakuona kwamba insulini ilikuwa na faida yake yenyewe. Pengine kilichowafaa wagonjwa ni kule kushughulikiwa na wauguzi kila siku.

Romola nao watu humsema vibaya, kwamba alikata sehemu nyingi za shajara alipoichapisha mwaka 1936, na ni kweli alizikata. Mgala muue na haki yake mpe. Vita vya Pili vilipopamba moto walikuwa Hungaria, karibu na utawala wa Hitler, ambako zaidi ya wagonjwa 70,000 wa akili na walemavu walikuwa wameuawa kwa gesi kati ya 1940 na 1941. Mwanamke huyu alimficha mumewe, akamtafutia chakula, hakumwacha. Mwaka 1945 wanajeshi wa Kirusi walipofika, wakawasha moto na kupiga nyimbo za kwao, Nijinsky aliyekuwa haongei alitoka mafichoni akacheza nao. Mkewe ndiye aliyesimulia. Waliishia Uingereza, na tarehe 8 Aprili 1950 Nijinsky alifariki London kwa ugonjwa wa figo.

Sasa sikiliza tarehe hii nyingine. Mnamo Desemba 1950, miezi 8 tu baadaye, mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc huko Ufaransa alitengeneza klopromazini. Hakuwa akitafuta dawa ya skizofrenia. Daktari wa upasuaji wa jeshi la majini, Henri Laborit, aliijaribu kwa wagonjwa wanaopasuliwa akaona wanatulia bila kulala. Akawaambia wenzake wa magonjwa ya akili. Mwaka 1952 madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, wakawapa wagonjwa wao, na watu waliokuwa wakipiga kelele kwa miaka wakaanza kuulizia jamaa zao. Baadaye iligunduliwa kwamba dawa hiyo huzuia kazi ya dopamini, kemikali moja ya ubongo. Huku kwetu wengi huijua kwa jina la Largactil.

Je, ingemfaa Nijinsky? Swali hili nimelizungusha kichwani sana, na ndipo ninapofikia jambo la nyumbani. Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni fundi wa baiskeli. Ugonjwa ulimpata akiwa na miaka 22. Nyanya alimpeleka kwa waganga watatu na mhubiri mmoja kabla hajafikishwa hospitalini. Alidungwa sindano ya kila mwezi, na kusema kweli sauti zilinyamaza. Ila mikono ilianza kutetemeka, shingo ikawa ngumu, akatembea kama anayebeba mtungi. Fundi asiyeweza kukaza spoki ni fundi gani? Akazikimbia sindano, sauti zikarudi, akapotea siku nne tukimtafuta mpaka mto ulipo. Hayo yalitokea mara mbili. Zahanati tuliyoitegemea nayo ilikuwa mara ina dawa, mara haina. Mwishowe daktari mmoja mwenye subira alimbadilishia, akampa tembe ziitwazo olanzapini, akazipunguza na kuziongeza kwa miezi kadhaa kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Leo mikono imetulia. Amenenepa, analala mapema kama kuku, na tembe zenyewe si rahisi kuzinunua. Lakini baiskeli yangu anaitengeneza yeye, tyubu, cheni na breki, na hataki nimlipe.

Kwa hiyo nikifikiri juu ya Nijinsky na klopromazini, namwona akizungumza na binti zake, naona pia mapaja yale yamekakamaa. Kutetemeka na kukakamaa ni madhara ya dawa zile za kwanza, na mchezaji dansi angeyalipia gharama kubwa kuliko fundi. Labda ingebidi abadilishiwe mara mbili tatu. Kuna dawa nyingine, klozapini, ambayo haikakamazi mwili hivyo. Ilipatwa na balaa mwaka 1975 nchini Finland, pale ilipoangusha chembe nyeupe za damu za baadhi ya wagonjwa na wengine wakafa, ikaondolewa katika nchi nyingi. Mwaka 1988 utafiti wa Marekani uliijaribu kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda. Asilimia 30 walipata nafuu, na kati ya waliopewa klopromazini ni asilimia 4 tu. Ikarudishwa, ila anayeimeza lazima apimwe damu mara kwa mara. Mjomba hakuihitaji. Kuna wanaoihitaji.

Nijinsky alizikwa London. Mwaka 1953 mwili wake ulifukuliwa ukahamishiwa Paris, katika makaburi ya Montmartre, ambako miaka mingi baadaye wapenzi wa dansi waliweka sanamu ya Petrushka ameketi juu ya kaburi, amejishika shavu. Sainte-Anne iko katika mji huo huo, upande wa pili wa mto, na mwaka huo ambao jeneza liliwasili wagonjwa wa Delay na Deniker walikuwa tayari wanaruhusiwa kwenda nyumbani.